Kichupa Kilichofungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Sindano za Damu ya Kitovu, Marekani, 2018

Mwezi Septemba 2018 idara ya afya ya jimbo la Texas ilikiarifu Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi za CDC, juu ya wagonjwa watatu waliokutwa na bakteria ndani ya damu au ndani ya kiungo. Sampuli zao zilipooteshwa maabara, vilionekana vijidudu vya Enterobacter cloacae na Citrobacter freundii, ambavyo makazi yake ya kawaida ni utumboni na ambavyo havina njia rahisi ya kufika gotini wala kwenye uti wa mgongo wa mtu. Kilichowaunganisha wagonjwa hao ni jambo moja: wote walikuwa wamepewa, katika kliniki zisizolaza wagonjwa, bidhaa iliyotengenezwa kutokana na damu ya kitovu cha watoto wachanga, iliyouzwa kama tiba ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Kufikia katikati ya Desemba mwaka huo idadi ilikuwa imefika 12, katika majimbo matatu ya Texas, Florida na Arizona. Wote 12 walilazwa hospitalini. Hakuna aliyefariki.

Nimekichagua kisa hiki, kati ya vingi vinavyohusu sindano zinazosemwa kuwa zinafufua viungo, kwa sababu kinatuonyesha swali ambalo mgonjwa wa maumivu ya goti au bega hulisahau kwa urahisi. Sote huuliza kama sindano inaponya. Ni wachache wanaouliza kimiminika kilichomo kimetoka katika mwili wa nani, na kimepita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kufika kwenye ncha ya sindano. Wagonjwa wa Texas, Florida na Arizona hawakudhuriwa na wazo la tiba; walidhuriwa na safari ya kichupa.

Mvuto wa sindano hizi si vigumu kuuelewa. Gegedu, ile tabaka laini na ngumu kiasi inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka katika ute wa kiungo, na kwa sababu hiyo ikishachakaa hujikarabati kwa shida sana, tofauti na mfupa unaovunjika ukaunga au ngozi inayochanika ikafumba. Mtu mwenye uchakavu wa goti, yule ambaye hawezi tena kushuka ngazi bila kushika ukuta wala kuinuka kutoka kwenye mswala bila kuegemea kitu, huambiwa na daktari wake mambo manne au matano yaleyale: apunguze uzito, aimarishe misuli ya paja kwa mazoezi, ameze dawa za kutuliza maumivu kwa kiasi, achomwe sindano ya steroidi pale uvimbe unapozidi, na mwisho kabisa, goti likiharibika, abadilishiwe kwa upasuaji. Katika orodha hiyo hakuna hata kimoja kinachoahidi kurudisha kilichopotea. Kisha anakuja mtu mwenye neno moja, kufufua, na neno hilo humwingia mgonjwa moyoni kabla hajauliza chochote.

Chini ya neno hilo, hata hivyo, kuna vitu ambavyo havifanani kabisa. Kuna sindano za maji ya sukari aina ya glukosi, zinazochomwa kwenye kano na maungio kwa nia ya kuuchokoza mwili uanze ukarabati. Kuna plazma (maji ya damu) iliyokolezwa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, ambapo daktari huchota damu ya mgonjwa mwenyewe, huizungusha katika mashine hadi itengane kwa tabaka, kisha huchukua ile sehemu yenye chembe sahani nyingi na kumrudishia mgonjwa huyohuyo katika kiungo kinachouma. Kuna uboho unaochotwa kwenye mfupa wa nyonga na mafuta yanayonyonywa tumboni. Katika zote hizo, isipokuwa ile ya sukari, kitu kinachoingizwa kimetoka kwa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi katika chumba kilekile na saa ileile. Halafu kuna kundi jingine: bidhaa za uzazi, yaani zinazotokana na damu ya kitovu, na kitovu chenyewe, na maji ya uzazi, na kondo la nyuma. Hizi hutoka kwa mtu baki, hutengenezwa kiwandani, hugandishwa, na kuletwa kliniki zikiwa ndani ya vichupa. Kuziweka katika kapu moja na plazma ya mgonjwa mwenyewe, kama yanavyofanya matangazo mengi, ni kosa ambalo kisa hiki kimelianika.

Ni lazima niseme, kwa haki, kwamba damu ya kitovu yenyewe si jambo la kubeza. Mwaka 1988 mjini Paris, jopo lililoongozwa na Eliane Gluckman lilimpandikizia mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi, anemia ya Fanconi, seli zilizotoka katika damu ya kitovu cha ndugu yake mchanga, na tangu hapo upandikizaji wa namna hiyo umeokoa watu wengi wenye saratani na maradhi ya damu. Seli shina zilizomo katika damu hiyo kazi yake ni kuzalisha damu, na hapo ndipo zimethibitika. Kutoka hapo hadi kudai kwamba damu hiyohiyo, ikidungwa gotini, itaotesha gegedu, ni hatua ndefu, na biashara iliivuka kwa kuruka.

Turudi kwenye safari ya kichupa. Mama hujifungua na, baada ya kuridhia, damu iliyobaki kwenye kitovu hukingwa. Chumba cha kujifungulia, hata kikiwa safi namna gani, si mahali pasipo vijidudu. Uzazi hutokea jirani kabisa na njia ya haja kubwa, na bakteria wa utumbo huwa karibu. Kwa hiyo anayekinga damu hiyo hana budi kuusafisha uzi wa kitovu kwa uangalifu, na anayeipokea maabara hana budi kuipima. Kabla ya hapo mama mwenyewe anatakiwa kuulizwa na kupimwa kwa ajili ya maambukizi yanayoweza kupita katika damu, kama vile Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Kisha damu huchakatwa, hugawanywa katika vichupa vingi, na kuhifadhiwa katika baridi kali. Hapa kuna jambo ambalo mtu asiye wa fani anaweza kulikosa: dawa ya kawaida ya sindano inaweza kuchemshwa kwa mvuke au kupigwa mionzi ikiwa tayari imefungwa, na kila kidudu kilichomo kikafa, lakini bidhaa inayouzwa kwa sifa ya kuwa na seli hai haiwezi kufanyiwa hivyo, maana kinachoua bakteria kitaziua na seli. Wala baridi haisaidii, kwa kuwa ugandishaji unaohifadhi seli huhifadhi na bakteria. Usalama wote, basi, hutegemea nidhamu ya mikono katika kila hatua, tangu chumba cha uzazi hadi kifuniko cha kichupa, pamoja na upimaji wa kweli wa bidhaa kabla haijatoka. Na damu moja ikishagawanywa katika vichupa vingi, kosa moja nalo hugawanywa.

Katika kisa hiki damu ilichakatwa na kampuni ya Genetech ya San Diego, California, ambayo haipasi kuchanganywa na kampuni kubwa ya dawa ya Genentech licha ya majina kukaribiana, na ilisambazwa na kampuni ya Liveyon, pia ya California, kwa jina la ReGen. Wachunguzi walipoanza kazi walikuwa na dhana mbili. Huenda uchafu uliingia kliniki, kwa mhudumu asiyenawa, au sindano iliyotumiwa vibaya, au ngozi isiyosafishwa. Hayo hutokea, na ndiyo chanzo kinachotafutwa kwanza pale maambukizi yanapofuata sindano. Au uchafu ulikuwemo tangu kiwandani. Jibu lilipatikana kwa kuvipima vichupa ambavyo havijafunguliwa na ambavyo vilikuwa bado havijasambazwa. Navyo vilikutwa na bakteria. Hakuna daktari wala muuguzi aliyekuwa amevigusa, hakuna kliniki iliyokuwa imevipokea. Liveyon ilizirudisha kutoka sokoni bidhaa zote za Genetech ilizokuwa imezisambaza.

Matokeo hayo yananigusa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Yanamaanisha kwamba mgonjwa angeweza kuchagua kliniki nadhifu kuliko zote mjini, akahudumiwa na daktari mwenye shahada zote ukutani, aliyevaa glavu mpya na kupaka dawa ya kuua vijidudu mara tatu kwenye ngozi, na bado akaingiziwa vijidudu ndani ya goti. Macho yake yasingemsaidia. Unadhifu tunaouona kliniki hutufariji, na ni sawa utufariji, lakini hausemi lolote juu ya kilichotokea miezi kadhaa nyuma katika jengo ambalo mgonjwa hajawahi kulisikia.

Na jengo hilo lilikuwa limekwisha kukaguliwa. Mwezi Juni 2018, miezi mitatu kabla ya taarifa ya Texas, wakaguzi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, walifika Genetech na kuandika kasoro walizozikuta: uchujaji hafifu wa wachangiaji damu, mbinu za utengenezaji zisizothibitishwa, mazingira ya kazi yasiyodhibitiwa, malighafi zisizofuatiliwa, na upimaji wa bidhaa usiotosha. Barua rasmi ya onyo ilitoka mwishoni mwa Novemba, na umma ukatangaziwa tarehe 20 Desemba 2018. Ninaelewa kwamba taasisi ya serikali hufuata taratibu zake, na kwamba ripoti ya ukaguzi hupitia meza nyingi. Hata hivyo, kati ya Juni na Septemba vichupa viliendelea kusafiri, na gharama ya muda huo ililipwa na watu ambao hawakujua kwamba ukaguzi ulikuwa umefanyika.

Iliwezekanaje bidhaa kama hiyo kuwa sokoni? Sheria za Marekani zinaruhusu baadhi ya tishu za binadamu kutumika bila idhini ya awali ya FDA, mradi zimechakatwa kwa kiwango kidogo tu na zitumike kwa kazi ileile zilizokuwa zikiifanya mwilini zilikotoka. Mwenye kituo hutakiwa kukisajili na kuorodhesha anachotengeneza, basi. Damu ya kitovu ya mtoto wa mtu mwingine, ikidungwa gotini ili kuponya uchakavu, haitimizi masharti hayo, kwa sababu kazi yake ya asili haikuwa kutengeneza gegedu. Kwa hiyo mbele ya sheria ni dawa, na dawa haiuzwi bila idhini. Lakini mwaka mmoja kabla, Novemba 2017, FDA ilikuwa imetoa mwongozo mpya pamoja na kipindi cha neema cha miezi 36 ili kampuni zijipange, na katika kipindi hicho soko lilipanuka badala ya kujirekebisha. Mgonjwa wa kawaida alichokiona katika matangazo ya tiba za aina hii ni maneno kama kusajiliwa na FDA. Kusajiliwa si kuidhinishwa. Kusajiliwa ni jina lako kuandikwa daftarini. Kuidhinishwa ni kazi yako kupimwa na kukubaliwa. Tofauti hii ningependa kila mtu anayeandamana na mzazi wake kwenda kutafuta tiba ya magoti aijue kabla ya kutoa fedha, iwe anaulizia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, kwa Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, au ugenini. India, ambako wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki husafiri kutibiwa, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017 unasema wazi kwamba seli shina zinazokubalika kama tiba ya kawaida ni zile za kupandikiza damu tu. Matumizi mengine yote yabaki ndani ya majaribio yaliyoidhinishwa, na majaribio ya namna hiyo mgonjwa hatakiwi kuyalipia.

Upande wa madhara unahitaji kuelezwa bila kuficha. Bakteria wakiingia ndani ya kiungo, mwili hupeleka chembe nyeupe kupigana nao, na vimeng'enya vinavyomwagwa katika vita hiyo huila gegedu pamoja na adui. Siku chache zinatosha kuacha kilema. Mgonjwa huhitaji kiungo chake kifunguliwe na kuoshwa, kisha adungwe antibayotiki kwa wiki kadhaa. Sindano ikiwa ilichomwa karibu na uti wa mgongo, usaha unaweza kujikusanya na kuibana mishipa ya fahamu, na hapo linaloogopwa ni kupooza. Mtu aliyekwenda kutafuta gegedu anaweza kurudi nyumbani na pungufu ya aliyokwenda nayo. Ni kweli kwamba hata sindano salama ya plazma ya mgonjwa mwenyewe huleta maumivu na uvimbe kwa siku moja au mbili, na hilo ndilo linalowachelewesha wengi, kwa kuwa wameambiwa mapema kwamba kuuma ni dalili ya dawa kufanya kazi. Homa, kutetemeka kwa baridi, kiungo kinachowaka moto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au kushindwa kabisa kukanyaga, si dalili za dawa kufanya kazi. Aliye na hali hiyo aende hospitali siku hiyohiyo, na aseme kwa kinywa chake kwamba alichomwa sindano gani, lini na wapi, hata kama anaona haya kwamba alikwenda bila kumwambia daktari wake wa kawaida.

Swali la kama tiba ingefaa, endapo kichupa kingekuwa safi, lilijibiwa baadaye kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Marekani lililowahusisha wagonjwa 475 wenye uchakavu wa goti. Walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi ya seli kutoka kwenye uboho wao, seli kutoka kwenye mafuta yao, na seli za tishu ya kitovu zilizotayarishwa kwa masharti ya utafiti, na kila kundi likalinganishwa na sindano ya steroidi ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina yoyote ya seli iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu. Steroidi ni dawa ya bei ndogo na ya miaka mingi, nayo ina mipaka yake, maana ikirudiwarudiwa kwa muda mrefu imeonekana kupunguza unene wa gegedu. Kushindwa kuizidi si kushindwa na mpinzani mkubwa.

Hata plazma iliyokolezwa chembe sahani, ambayo kwa upande wa usafi naiweka mbali kabisa na vichupa vya kisa hiki, haijatoka salama kwenye mizani hiyo. Nchini Australia, kundi lililoongozwa na Kim Bennell wa Chuo Kikuu cha Melbourne liliwachoma watu 288 wenye uchakavu mdogo na wa kati wa goti sindano tatu, moja kila wiki, nusu yao plazma na nusu maji ya chumvi, bila wao kujua wamepata ipi. Matokeo yalichapishwa Novemba 2021 katika jarida la JAMA. Katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, baada ya miezi 12 waliopata plazma walishuka kwa alama 2.1, na waliopata maji ya chumvi wakashuka kwa 1.8. Gegedu iliyopimwa kwa picha ilipungua kwa asilimia 1.4 kwa wa kwanza na 1.2 kwa wa pili. Yaani hakukuwa na tofauti yenye maana, si katika maumivu wala katika gegedu. Zipo tafiti nyingine zilizoona nafuu, hasa kwa kano za kiwiko, na sitaki kuzifuta kwa kalamu moja; lakini takwimu ya 1.8 ndiyo ninayomwomba msomaji aitazame kwa makini. Watu waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu ya kweli, waliyoihisi katika miili yao. Ushuhuda wa jirani kwamba sindano ilimsaidia unaweza kuwa wa kweli tupu, na bado usithibitishe lolote juu ya kilichokuwa ndani ya sindano. Bila shaka wapo walionunua vichupa vya damu ya kitovu wakaondoka kliniki na nafuu ya namna hiyo, wakawa mashahidi waaminifu wa bidhaa ambayo vichupa vyake vingine vilikuwa na bakteria.

Lawama katika kisa hiki haikai mahali pamoja. Mtengenezaji alishindwa katika jambo la msingi kabisa. Msambazaji aliuza asichokuwa na idhini ya kukiuza. Msimamizi alitoa muda mrefu mno. Lakini sikubali kwamba madaktari waliochoma sindano hizo wawe watazamaji tu kwa sababu hawakuwa na njia ya kuona ndani ya kichupa. Daktari anayemdunga mtu kitu kilichotoka kwa mtu mwingine anao wajibu wa kuuliza kibali cha bidhaa kiko wapi, mchangiaji alipimwa nini, kila mkupuo wa utengenezaji hupimwa vipi kabla ya kutoka, na nani wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Kama majibu hayapo, kichupa kisifunguliwe. Wajibu huo hauhamii kwa mgonjwa kwa sababu mgonjwa ametia sahihi karatasi ya ridhaa, na hasa mgonjwa ambaye kwa miaka kadhaa amelala akiwa ameweka mto chini ya goti.

Baada ya onyo la Desemba 2018, FDA iliwaandikia pia watengenezaji na watoa huduma wengine 20 kuwakumbusha sheria. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2019, barua nyingine ya onyo ilikwenda kwa maabara ya Liveyon yenyewe, iliyokuwa imeanza kutengeneza bidhaa zake za kitovu. Kipindi cha neema, kilichopaswa kwisha Novemba 2020, kilisogezwa mbele hadi tarehe 31 Mei 2021 kwa sababu ya janga la korona. Kilipokwisha, bidhaa za damu ya kitovu zilizokuwa na idhini nchini Marekani zilikuwa zilezile za kupandikiza wagonjwa wa damu, na hapakuwa na hata moja iliyoidhinishwa kwa goti, bega wala mgongo.